Mpagazi wa Hodi Tatu

Juzi mmoja wenu alinikuta barazani kwangu Kanyenye, akaniamkia vizuri, nikamwitikia, halafu akaniuliza: "Mzee, hivi kweli zamani programu ilikuwa haifunguki mpaka iletwe na programu nyingine?" Nikamwambia ndiyo. Akacheka sana. Nikamwacha acheke, maana nyie mmezaliwa mkakuta kila kitu kinafunguka kwenye simu, mkadhani ndivyo Mungu alivyokiumba. Lakini alipoondoka nilibaki na swali lake. Kitu hicho anachokicheka ndicho nilichokifanyia kazi kuliko kingine chochote, na ndicho kilichonifanya niikwepe Sikonge kwa miaka tisa.

Ngoja niwaeleze taratibu, msije mkapotea. Nilikuwa fundi wa kompyuta kwenye taasisi yenye hospitali moja hapa mjini na vituo vya afya huko vijijini. Jina lake haliwahusu. Programu ya wagonjwa ilikaa kwenye seva, hapa Tabora. Kule vituoni, kila kompyuta ilikuwa na kapicha kamoja tu kwenye kioo. Ukikabonyeza, kinaamka kiprogramu kidogo tulichokiita kianzishi. Kianzishi kinakwenda kwenye seva kwa njia ya mtandao, kinasoma faili fupi la maelekezo, kinaangalia kama kuna toleo jipya la ile programu kubwa, kama lipo kinalibeba na kuliweka kwenye mashine, ndipo kinalifungua. Faili lile la maelekezo nililiandika mimi. Lilikuwa na mistari arobaini hivi, na nikiwaambia kwamba mistari arobaini inaweza kumaliza maisha ya mtu msidhani natia chumvi.

Aliyekipa kianzishi jina la mpagazi ni Mzee Maganga, mkuu wangu wa kwanza. Alikuwa Mnyamwezi wa Goweko, alianza kazi kwenye ubao wa simu, zile za kuchomeka waya tundu hadi tundu, akaingia kwenye kompyuta akiwa na mvi tayari. "Babu zangu walibeba pembe mpaka Bagamoyo kwa mabega," aliniambia, "huyu wako anabeba programu mpaka Sikonge bila kutoka jasho, na bado unalalamika kachelewa." Jina likashika. Ikawa kila asubuhi simu inalia: "Mwalimu, mpagazi leo hajafika." Mwalimu ni mimi. Waliniita hivyo kwa sababu ndiye niliyewafundisha kutumia programu.

Mambo niliyoyajua kuhusu kazi ile niliyajua kwa kuyakosea. Kwanza niliandika kwenye faili namba ya seva badala ya jina lake. Siku tuliyoihamishia seva chumba kingine namba ikabadilika, na vituo vyote vikalala. Nilizunguka kituo hadi kituo siku nne, kwa basi, kwa pikipiki na kwa miguu. Mzee Maganga hakunigombeza. Alinisubiri nirudi na vumbi langu, akasema: "Mtu huandikiwa barua kwa jina lake, sio kwa namba ya chumba alicholala jana." Tangu hapo sijawahi kuandika namba mahali panapoweza kukaa jina, na nyie msiandike.

Halafu kuna suala la memori. Mule kwenye faili kuna mstari unaosema programu ipewe nafasi kiasi gani kwenye mashine. Mimi kwa ukarimu uliopitiliza nikaipa nafasi kubwa, nikidhani itakimbia zaidi. Mashine za Tabora zilikuwa mpya, zikakubali. Mashine za vijijini zilikuwa zile zilizochoka mjini zikapelekwa huko kustaafu, na hazikuwa na nafasi hiyo, basi programu haikufunguka kabisa, wala haikusema kwa nini. Pimeni mzigo kwa mashine dhaifu kuliko zote mlizo nazo, ile ambayo mnaionea aibu.

Na Goweko, we acha tu. Mpagazi alikuwa akifika na mzigo wake, mzigo una muhuri wa kuonyesha kwamba umetoka kwetu na si kwa mwizi, na mashine inaukataa muhuri. Nilibadilisha muhuri mara mbili. Mwishowe nikapanda treni, nikashuka stesheni Goweko, nikaenda kuiangalia kwa macho. Kumbe kale kabetri kadogo kanakoshika saa ndani ya kompyuta kamekufa, kila ikizimwa tarehe yake inarudi nyuma miaka kumi na kitu, kwa hiyo kwa hesabu yake muhuri wangu ulikuwa haujazaliwa. Mganga wa zamu akaniambia, "Mwalimu, mimi tarehe niliona ni ya zamani, ila nilifikiri ndivyo ninyi wa mjini mlivyoamua." Tulicheka mpaka wagonjwa wakachungulia dirishani.

Haya, nimewachekesha vya kutosha. Sasa niseme nililokuja kusema.

Mimi nimekulia Kanyenye, nyumba ya Kiislamu, na nimefundishwa kupiga hodi tangu sijajua kufunga kamba za viatu. Unapiga hodi ya kwanza, unangoja. Ya pili, unangoja. Ya tatu, kimya, unaondoka zako bila kinyongo. Sasa mtandao wa vijijini ulikuwa wa kusuasua, na mpagazi akikosa jibu la seva alikuwa anaganda tu, kioo cheupe, mtu anakaa saa nzima anakiangalia. Simu zilinichosha. Ndipo nikapata wazo, nikajiona hodari: nikaandika kwamba mpagazi aibishie hodi seva mara tatu, sekunde chache kila mara, akikosa jibu aondoke zake na kufungua nakala ya zamani iliyokuwa tayari kwenye mashine. Ikafanya kazi vizuri ajabu. Simu za asubuhi zikakatika.

Mzee Maganga alikuwa amebakiza miezi michache kustaafu. Nilimwonyesha kwa majivuno. Akauliza swali moja: "Na mwenye kompyuta atajuaje kwamba leo amefunguliwa ya zamani?" Nikasema hana haja ya kujua. Akasema, "Weka maandishi, makubwa, mekundu: unatumia toleo la zamani." Nikamjibu kwamba nikiweka hivyo watanipigia simu kila siku. Hakubishana. Nilikuwa najua kwamba anasema kweli, sikuweka kwa sababu nilichoka kupigiwa simu, na hiyo ndiyo sababu yote, hakuna nyingine ya heshima zaidi.

Sikonge kulikuwa na mtaalamu wa maabara anaitwa Yustina Kalunde. Mmoraviani, mwimbaji wa kwaya, mtu wa taratibu. Katika wote niliowafundisha hakuna aliyemfikia. Alikuwa na kaunta buku lake, anaandika kila kitu: asubuhi amefungua saa ngapi, kioo kimesema nini, hata vile vinamba vya pembeni ambavyo mimi mwenyewe sikuviangalia. Nilikuwa namtania kwamba siku moja ataandika na nzi aliyetua kwenye kioo. Sampuli ambazo hakuwa na mashine ya kuzipima alizituma Tabora kwenye kisanduku cha barafu, na majibu yalirudi kwa ile programu.

Mwaka huo tulitoa toleo jipya. Majibu ya hatari, yale ambayo mgonjwa hatakiwi kusubiri, tuliyatoa kwenye orodha ya kawaida, tukayawekea dirisha lake jekundu lililoitwa Majibu ya Haraka. Nia ilikuwa njema. Ila aliyebaki na toleo la zamani hakuwa na dirisha hilo. Yeye aliona orodha ya kawaida tu, na majibu ya hatari hayakuwemo tena humo.

Sikonge mtandao wa asubuhi ulikuwa mzito. Seva ilijibu, lakini ilichelewa kidogo, na jibu lilipofika mpagazi wangu mwenye adabu alikuwa ameshapiga hodi zake tatu akaenda zake. Wiki sita Yustina alifanya kazi kwa toleo la zamani, kioo hakikumwambia, na mimi sikujua kwa sababu simu haikulia.

Akaja mama mjamzito anaitwa Nyamizi, mke wa mrina asali, mimba ya kwanza, miguu imevimba, presha iko juu. Yustina akatuma damu yake Tabora. Jumanne majibu yakatoka: figo na ini haviko sawa, mama aletwe mjini leo leo. Jumatano asubuhi Yustina akafungua, kioo kikasema hakuna majibu mapya. Akapiga simu maabara kuu, wakamwambia yameshatumwa, angalia kwenye mfumo. Akaangalia. Hakuna. Alhamisi, hakuna. Ijumaa Nyamizi akashikwa na kifafa cha mimba nyumbani kwake, akabebwa kwenye gari la tumbaku mpaka Tabora. Yeye alipona. Mtoto hakupona.

Jumamosi nilitumwa Sikonge kuangalia kompyuta. Yustina hakuwepo, alikuwa ameitwa mjini kuandika maelezo. Nikawasha mashine, nikabonyeza kapicha, na pale pembeni chini nikaona namba ya toleo: mbili nukta tatu. Tulikuwa kwenye mbili nukta sita. Nilikaa kwenye kile kiti chake chenye mto wa kitenge. Ofisini hapakuwa na mtu mwingine. Nikafuta nakala ya zamani. Nikasubiri mtandao ukae sawa, nikashusha toleo jipya, nikafungua, na majibu ya Nyamizi yakatokea pale kwa rangi nyekundu, kama vile yalikuwepo siku zote. Kisha nikafunga ofisi nikarudisha ufunguo.

Msiniulize nilikuwa nafikiri nini. Nilikuwa na watoto wanasoma, nilikuwa na sifa, nilikuwa na woga. Kila mtu ana maneno ya namna hiyo mfukoni na hayamsaidii.

Jumatatu kikaitwa kikao. Watu watatu mezani, Yustina kwenye kiti upande mmoja, mimi upande wa pili. Mwenyekiti akaniuliza: "Mwalimu, programu ya Sikonge ilikuwa inafanya kazi?"

Nikajibu: "Ilikuwa inafunguka kila siku."

Sikusema uongo, mnaona? Ilifunguka kweli. Nililichagua neno hilo usiku kucha, nikalipata. Yustina alinitazama, sio kwa hasira, alinitazama kama mtu anayengoja mwenzake amalizie sentensi. Sikuimalizia. Wakanishukuru, nikatoka.

Alipewa barua ya onyo, akaondolewa maabara, akawekwa chumba cha kadi kuwaandika wagonjwa majina. Hakumaliza mwaka, akaacha kazi. Habari zilinifikia kidogo kidogo kwa madereva. Kwamba pale Sikonge wanamwita Mama Majibu, na hawamwiti hivyo kwa mapenzi. Kwamba ameacha kwaya. Mimi kimya kimya nikaliandika lile onyo jekundu kwenye kioo, nikaiambia seva imkatae yeyote anayekuja na toleo la zamani. Kazi ya nusu siku. Vituo vyote vikawa salama, nikasifiwa kwa ubunifu.

Wahenga wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikwenda miaka tisa. Nilipostaafu walinifanyia sherehe, pilau, kapu la zawadi, na mkuu wa taasisi akasimama akasema kwamba katika utumishi wangu wote hakuna mgonjwa hata mmoja aliyepata madhara kwa mkono wangu. Watu wakapiga makofi. Mke wangu aliniangalia akaniuliza mbona sili. Nikamwambia nyumbani, yote, naye akasema, "Mimi sio wa kuambiwa." Kumbe na yeye anajua kusema maneno machache.

Nikapanda basi la Sikonge. Yustina nilimkuta kwake anachuja asali, siku hizi ndiyo biashara yake. Aliniamkia shikamoo, mwalimu, akanipa kigoda na maji ya kunywa. Nilikuwa nimeandaa maneno njia nzima, nikayasahau, nikasema tu: "Ile wiki uliona hakuna majibu kwa sababu mashine ilikuwa na toleo la zamani. Kosa langu. Na nililiona, nikalifuta."

Akafuta mikono yake kwa kanga, akaingia ndani, akarudi na kaunta buku. Akanionyesha kurasa. Kila siku, kwa mwandiko wake ulionyooka: toleo 2.3, toleo 2.3, toleo 2.3. Halafu Jumatatu ile, siku ya kikao, kabla hajapanda gari kuja mjini: toleo 2.6.

"Nilijua siku ile ile," akasema.

"Kwa nini hukusema?"

"Nilisema. Ulipotoka nilisema, na kitabu nilikuwa nacho. Wakaniuliza tangu lini mimi nimejua kompyuta kuliko mwalimu wangu." Akafunga kitabu. "Nilidhani utarudi, mwalimu. Wiki ile nilidhani utarudi. Na iliyofuata."

Nikamwomba msamaha. Aliniitikia kwa kichwa, sijui kama ndiyo ya kunisamehe au ya kunisikia. Nikamwambia nitaandika barua kwenye taasisi, nieleze kila kitu, na nimeandika, nakala anayo. Akasema sawa, lakini kazi haitaki tena, nyuki wanamtosha. Kisha akasema: "Ila Nyamizi anakaa nyumba ya nne kutoka hapa. Tunachota maji bomba moja. Miaka yote hii hanisalimii. Anajua mimi ndiye niliyeyalalia majibu yake. Barua yako haitafika kwake."

Tulikwenda pamoja mpaka kwenye uzio wa matete, yeye akakataa kuingia, akabaki nje.

Nyamizi sasa ni mama mtu mzima, ana watoto watatu. Alikuwa anapepeta karanga. Alinikaribisha kama mnavyomkaribisha mgeni yeyote mwenye mvi, mpaka nilipotaja sababu, akaweka ungo chini. Nikaanza kumweleza, na hapo ndipo nilipojua kwamba maarifa yangu yote hayana maneno. Kianzishi, toleo, seva, kila nililolishika lilinitoka mkononi, nikajisikia najificha nyuma yake. Nikaacha. Nikasema: "Majibu yako yalikuwepo tangu Jumanne. Yustina aliyatafuta kila asubuhi. Hakuyaona kwa sababu mimi niliitengeneza vibaya mashine yake, na nilipogundua nikaficha, yeye akalaumiwa."

Hakulia. Nilitaka alie, au anitukane, au amwite mumewe anitoe. Alikaa, mikono imelala mapajani. Kuku akaja kudonoa karanga, hakumfukuza.

"Kila asubuhi?" akauliza.

"Kila asubuhi. Ameandika."

Akatazama kule kwenye uzio, ambapo kanga ya Yustina ilikuwa inaonekana kati ya matete. Kisha akanigeukia.

"Wewe mzee, unaitwa nani?"

"Idrisa Feruzi," nikamwambia.

"Idrisa Feruzi," akasema, polepole, ili alishike. Akasema tena. Halafu akainuka, akanipita pale nilipokaa, akaenda kwa Yustina.